Picha 1,100 za vitambulisho vya wanafunzi: kuzipanga, kuzipa namba, na rangi isiyotulia

#1 Kamera_Mkononi
Wakuu, salaam. Kazi iliyo mezani ni picha za vitambulisho vya sekondari moja. Wanafunzi 1,100, kila mmoja picha mbili, RAW (faili ghafi ya kamera) na JPEG kwa pamoja. Kamera mbili za Nikon za megapikseli 24, kila moja chumba chake. Mwishoni inatakiwa picha ya 35 × 45 mm, faili iitwe kwa namba ya mwanafunzi na isizidi KB 100 kwa ajili ya mfumo wa shule, pamoja na nakala ya ubora kamili ya kumpa mchapaji wa kadi.

Maswali ni mawili. Majina ya faili yanabadilishwaje kwa mkupuo bila kukaa kuandika moja moja? Na la pili linaloumiza kichwa zaidi ni rangi. Mipangilio haikuguswa siku nzima: M, 1/160, f/5.6, ISO 400, flashi moja kwenye mwavuli, waiti balansi (seti inayofanya cheupe kionekane cheupe) ya Flash. Ukizifungua zote kwa pamoja, nyuso nyingine ziko sawa, nyingine njano, nyingine kijani kwa mbali, nyingine zimefifia. Tatizo ni nini?

#2 fundi_exif
Rangi wataijibu wengine. Mimi naanza na mpangilio, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapofia.

NEF (RAW ya Nikon) ya megapikseli 24 ni kama MB 25, JPEG yake tuseme MB 10. Picha 2,200 mara MB 35 ni GB 77. Ziwe kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufomati kadi yoyote. Kisha folda tatu: 01_ASILI (haiguswi), 02_KAZI, 03_PATO. Ndani ya kila moja, folda ya mkondo: K1A, K1B, na kuendelea.

Usichanganye kamera mbili kwenye folda moja kabla ya kubadili majina. Zote zinaanza na DSC_, na namba ikifika 9999 inarudi 0001. Faili mbili zikigongana jina Windows inauliza kama ifute ya zamani, na kwa uchovu wa saa nne usiku mtu anabonyeza ndiyo. Tumia ExifTool, programu ya amri inayosoma na kubadili taarifa zilizo ndani ya faili za picha:

`exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "A_%Y%m%d_%H%M%S_%%f.%%e" KameraA`

Kwa kamera ya pili weka B_. Hiyo %%f inabakiza jina la awali ndani ya jina jipya, kwa hiyo NEF na JPEG yake haziachani. Ukiogopa, andika TestName badala ya FileName, itakuonyesha majina yatakavyokuwa bila kugusa kitu.

#3 Shutter254
Sawa kabisa, lakini hiyo inafanya kazi tu kama saa za kamera mbili zinaelewana. Kabla ya kazi, kila kamera ipige picha skrini ya simu moja yenye saa inayoonyesha sekunde. Baadaye unalinganisha saa iliyo kwenye picha na ile iliyo kwenye EXIF (taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili), unapata tofauti. Kamera B ikiwa nyuma kwa dakika 7 na sekunde 30:

`exiftool "-AllDates+=0:07:30" KameraB`

Fanya hivyo KABLA ya kubadili majina. ExifTool itaacha faili za _original pembeni, kwa hiyo hakikisha diski ina nafasi maradufu, au ongeza -overwrite_original kama 01_ASILI ipo salama.

#4 Mzee_wa_Negativu
Na tofauti ikiwa saa sita kamili, usitafute mchawi. Msaidizi ameseti kamera kwa saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi ameandika 02:00 😂

#5 Shutter254
#4 😂😂 na dawa yake ni `"-AllDates+=6"`. Umecheka, lakini inatokea kweli.

#6 MamaLenzi
Kamera_Mkononi, kuhusu majina: omba shule orodha ya Excel, safu A weka jina la sasa la faili, safu B namba ya mwanafunzi, safu C andika:

`="ren """&A2&""" """&B2&".jpg"""`

Vuta hadi chini, nakili safu C yote, bandika kwenye Notepad, hifadhi kama badili.bat ndani ya folda husika, bonyeza mara mbili. Picha 1,100 zinaisha kabla chai haijapoa.

Mitego ya Excel ndiyo ya kuangalia:
– Namba 0001 inageuka 1. Ifanye safu iwe Text KABLA ya kubandika. Ukibadili baadaye, sifuri hazirudi.
– Kama kuna vitambulisho vya walimu na mnatumia namba ya NIDA, ile ina tarakimu 20. Excel inatunza tarakimu 15 tu, zilizobaki inazifanya sifuri kimyakimya. Walimu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuishia na namba ileile.
– Namba ya mtihani yenye mkwaju, mfano SXXXX/0001, haiwezi kuwa jina la faili. Geuza mkwaju uwe kistari, na mwambie aliyetengeneza mfumo afanye hivyohivyo upande wake.

#7 Mchonga_Skripti
Dada MamaLenzi, mbinu ni nzuri ila inategemea jambo moja: mpangilio wa picha ulingane na mpangilio wa orodha. Mwanafunzi mmoja akiwa mgonjwa siku hiyo, kuanzia pale hadi mwisho wa mkondo kila mtoto anabeba sura ya mwenzake. Utagundua kadi zikishachapwa.

Kinga ni mbili. Ya kwanza, asiyekuwepo apigiwe picha karatasi iliyoandikwa HAYUPO, idadi ya picha ilingane na orodha. Ya pili, na bora zaidi, kila mwanafunzi apewe karatasi yenye kodi ya QR ya namba yake, aishike kifuani kwenye picha ya kwanza, aiweke chini kwenye ya pili. Kisha:

`zbarimg --raw -q *.jpg`

inasoma namba zenyewe. QR iwe na upana wa sentimita 8 au zaidi, karatasi ya kawaida. Msiilamineti, inarudisha mwanga wa flashi na haisomeki.

#8 MamaLenzi
#7 nakubali kuhusu HAYUPO. QR kwa shule iliyokwishapigwa picha haimsaidii mleta uzi lakini.

#9 Mchonga_Skripti
Kweli. Kwa yeye: ahesabu kwa mkondo. Picha za mkondo zigawanywe kwa mbili, zilinganishwe na orodha ya mkondo huo. Zikipungua, mwalimu wa darasa akae mbele ya skrini aone vijipicha pamoja na majina. Dakika kumi kwa mkondo. Hakuna programu itakayowajua watoto kuliko mwalimu wao.

Jingine: msitumie jina la mtoto kama jina la faili. Kuna Juma wawili wa Hamisi kila shule, na kuna Ng'ang'a, Ng'wandu, Ng'itu. Ile alama ya juu ikipita kwenye skripti ya Linux inafunga nukuu kabla ya wakati na kila kitu kinasimama. Tena Word inaigeuza iwe ile iliyopinda, kwa hiyo jina kwenye orodha na jina kwenye faili vinaonekana sawa machoni lakini kompyuta inasema havifanani.

#10 Kamera_Mkononi
Asanteni. Kuhesabu nimeelewa. Na rangi je?

#11 Taa_Mbili
Hiyo ni taa za darasani. Umeme wetu ni 50 Hz, tyubu na LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/160 inakamata kipande tu cha pepeso, na kila picha inakamata kipande chake. Mwanga wa tyubu una kijani ndani yake, ndiyo maana. Shata ya 1/100 au 1/50 inakamata mzunguko mzima.

#12 Mzee_wa_Negativu
#11 ukishuka 1/50 huku kuna flashi unaongeza mwanga wa tyubu ndani ya picha, siyo kuuondoa. Kwa maoni yangu ni flashi yenyewe. Betri zikichoka, taa ya kuonyesha flashi iko tayari inawaka kabla kapasita haijajaa sawasawa. Ukipiga haraka haraka, mwanga unatoka pungufu na wenye joto zaidi. Angalia picha za njano: je, ni za mwisho wa foleni, kabla ya kubadili betri?

#13 Taa_Mbili
Flashi ndogo za kisasa zikitoa mwanga kidogo zinaelekea bluu, siyo njano. Zinakata mwako mapema na kupoteza ule mkia mwekundu.

#14 Mzee_wa_Negativu
Hiyo ni ukipunguza nguvu kwa kitufe. Hapa tunazungumzia kapasita isiyojaa, volteji iko chini tangu mwanzo. Na flashi kubwa za studio za mtindo wa zamani hupunguza nguvu kwa kushusha volteji, zile ndizo zinazokuwa njano ukizishusha. Msizichanganye.

#15 Binti_Pikseli
Jamani, kabla hamjagombana, kuna jaribio la dakika moja: rudi chumba kilekile, saa ileile, mipangilio ileile, zima flashi, piga. Picha ikitoka nyeusi tii, tyubu na dirisha havina kesi. Ikionekana sura, mwanga wa chumba umo.

Swali lingine kwa mleta uzi: majina ya faili za kamera zote mbili yanaanza na DSC_, au kuna yanayoanza na _DSC?

#16 Kamera_Mkononi
Jaribio limefanyika. Chumba cha kamera A ni karibu nyeusi. Chumba cha kamera B sura inaonekana, giza lakini inaonekana, kuna dirisha kubwa kushoto. Na kweli, kamera B ni _DSC. Hiyo ina maana gani?

#17 Binti_Pikseli
Mstari wa chini ukitangulia maana yake kamera imesetiwa Adobe RGB, mfumo wa rangi mpana kuliko sRGB, ule wa kawaida wa skrini. Ndiyo kawaida ya kutaja majina ya faili za kamera tangu zamani. Faili ya Adobe RGB ikipoteza wasifu wake wa rangi, au ikifunguliwa na programu isiyousoma, inaonyeshwa kama sRGB na ngozi inafifia, inakuwa kama imepakwa majivu. Hizo ndizo zako zilizofifia. Zigeuzwe sRGB kwa programu inayoheshimu wasifu: Lightroom, darktable, Capture One, yoyote. Ukitoa JPEG upya kutoka NEF unachagua sRGB na habari imekwisha, maana kwenye RAW seti hiyo haina athari.

Lakini hiyo haielezi njano wala kijani.

#18 Taa_Mbili
Dirisha kushoto chumba B! Jua linatembea. Asubuhi mwanga wa dirisha ni mmoja, adhuhuri mwingine, wingu likipita mwingine tena. Dawa: ISO 100 na f/8. Hapo mwanga wa chumba unashuka stopu tatu (kila stopu inakata mwanga nusu).

#19 Mzee_wa_Negativu
Na flashi itahitaji nguvu mara nane. Sasa iko kwenye nguvu zote, inajaa kwa sekunde nyingi, foleni ya watoto inasukumana, anapiga kabla haijajaa. Umerudi kwenye #12.

#20 kijani_cha_kuta
Mbona hakuna aliyeuliza rangi ya sweta na ya ukuta? Sweta la kijani linarusha kijani chini ya kidevu. Ukuta uliopakwa rangi ya mafuta kijani hadi kiunoni unarusha upande mzima wa uso. Tazama: kama kijani kiko chini ya kidevu na upande mmoja wa shingo tu, ni mrusho, na waiti balansi haitakiondoa bila kuharibu paji la uso. Kama kiko usoni pote, basi ni taa.

#21 Kamera_Mkononi
Sweta ni kijani, mkuu. Lakini wote wamevaa sweta na si wote walio kijani.

#22 kijani_cha_kuta
Aliyesimama mbali na taa kwa hatua moja na aliyesogea karibu hawapati mrusho sawa. Mlibandika alama sakafuni?

#23 Kamera_Mkononi
Chumba A ndiyo. B hapana.

#24 fundi_exif
Badala ya kubahatisha, zipange kwa muda. Kwa kuwa majina sasa yana saa, fungua vijipicha vya chumba B kwa mfuatano. Rangi ikibadilika polepole ni jua. Ikiruka kwa ghafla na kurudi, ni flashi. Ikifuata urefu wa mtoto au mahali alipokaa kwenye fremu, ni mrusho. Mambo matatu yanaweza kuwepo kwa pamoja, hakuna sheria inayozuia.

#25 Shutter254
Na kurekebisha: kama kuna picha yoyote yenye kadi ya kijivu, chukua waiti balansi hapo, chagua picha za karibu nayo, Sync, na uweke tiki White Balance PEKE YAKE. Ukiacha tiki ya Crop, vichwa vyote vitakatwa kama cha kwanza. Kama kadi haipo, pazia jeupe linaweza kukusaidia ikiwa halijaungua, yaani namba zake ziko chini ya 250 kwenye nyekundu, kijani na bluu. Wakati mwingine piga kadi kila mkondo unapoanza.

Na usibonyeze Auto. Auto inaangalia kila picha peke yake. Mwenye shati jeupe mbele ya pazia jeupe inamtia giza, aliyevaa sweta zito inampaisha.

#26 Fremu_Pana
#25 hapo umegusa penyewe. Programu na mita ya kamera zinataka wastani wa kijivu, zikiona weupe mwingi zinashusha mwanga, na ngozi nyeusi inaishia bila umbo. Ongeza thuluthi moja hadi mbili za stopu kwa weusi sana.

#27 Mzee_wa_Negativu
Sikubaliani. Mita ya mkononi inayopima mwanga unaoanguka usoni haijali ngozi. Mwanga mmoja, ekspoja moja, kila mtu anatoka na rangi yake. Ukianza kumwongezea huyu na kumpunguzia yule, kadi zikiwekwa pamoja wote wanafanana, na hakuna darasa lililo hivyo.

#28 Fremu_Pana
Kwa karatasi sawa. Ila printa ya kadi za plastiki inazamisha vivuli. Kisichokuwa na mwanga wa kutosha kwenye skrini, kwenye kadi ni doa. Na mwenye ualbino kwa ekspoja hiyohiyo, mbele ya pazia jeupe, nywele zinapotelea ukutani. Pazia la bluu nyepesi au kijivu linaondoa tatizo hilo bila kugusa mwanga.

#29 Kamera_Mkononi
Shule imeng'ang'ania jeupe. Twende kwenye kukropu na kupunguza. Amri hii ya ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa mkupuo, iko sahihi?

`magick mogrify -resize 413x531^ -gravity center -extent 413x531 -strip -quality 90 *.jpg`

#30 Mchonga_Skripti
SIMAMA. Mogrify bila -path inaandika juu ya faili za asili. Megapikseli 24 zinakuwa pikseli 413 na hakuna kurudi.

Pili, upo Windows? Kwenye cmd alama ^ inamezwa, lazima iwe ndani ya nukuu: "413x531^". Isipokuwepo, picha ya wima ya 2:3 inaingia kwa pikseli 354 × 531 na kuongezewa nyeupe pande zote mbili. Kwa kuwa pazia ni jeupe, hutaona kitu mpaka zichapwe.

Tatu, kama alivyodokeza Binti_Pikseli kwenye #17, -strip inafuta wasifu wa rangi pia. Kwa picha za chumba B hiyo ni kujimaliza. Iandike hivi:

`magick mogrify -path 03_PATO -auto-orient -resize "413x531^" -gravity center -extent 413x531 +profile "!icc,*" -units PixelsPerInch -density 300 -define jpeg:extent=100kb *.jpg`

413 × 531 ndiyo 35 × 45 mm kwa pikseli 300 kwa inchi. Ukiitia kwenye faili ya .bat hiyo haina alama ya asilimia, uko salama. Ile ya ExifTool ya #2 ukiiweka kwenye .bat, kila % iandikwe mara mbili.

#31 Binti_Pikseli
Nyongeza: -gravity center inakata sawa juu na chini. Picha ya 2:3 ikijaza upana wa 413 inakuwa na kimo cha 620, kwa hiyo pikseli 44 zinatoka juu. Mtoto mrefu aliyebana fremu anapoteza nywele. Kropu ya mkupuo inategemea umbali uleule na macho yakae mahali palepale. Mfupi apandishwe kigoda, kamera isiinamishwe.

Programu zinazotafuta uso zenyewe zinasaidia, lakini nyingi zinakisia kimo cha kichwa kutoka utosini. Hijabu na kilemba vinazichanganya, uso unatoka mdogo kuliko wa wengine. Chagua ile inayopima kutoka macho hadi kidevu.

#32 Shutter254
Kwa paspoti kwenye karatasi ya inchi 4 × 6, zinaingia nane:

`magick montage *.jpg -tile 4x2 -geometry 413x531+10+10 karatasi.jpg`

Inatoka 1732 × 1102, na karatasi ni 1800 × 1200. Printa iseti 100%, siyo "jaza karatasi", la sivyo vipimo vinaongezeka.

#33 kijani_cha_kuta
Na kumpelekea mchapaji msitumie WhatsApp kama picha. Inazibana, inafuta EXIF, inazipa majina ya IMG-…-WA0001. Kazi yote ya majina imekwenda na maji. Tuma kama dokumenti, au zip.

#34 MamaLenzi
Au flashi disk, mkifika kwa mchapaji mkute folda zote zimekuwa shortcut 🙄

#35 Mzee_wa_Negativu
Hazijapotea, zimefichwa tu. `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*` zinarudi. Usizibonyeze zile shortcut.

#36 Fremu_Pana
Flashi disk iwe na neno la siri basi. Hizi ni sura za watoto pamoja na namba zao. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya 2019, na ile ya Kenya inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Ridhaa iwe kwenye fomu ya shule, na mkataba useme utazifuta lini.

#37 MamaLenzi
Mchapaji akitumia InDesign (programu ya kupanga kurasa), jina la safu ya picha kwenye orodha ya CSV lianze na @, mfano @picha. Excel italalamika, weka alama ya ' mbele yake.

#38 Kamera_Mkononi
Nimezipanga chumba B kwa muda kama #24. Saa mbili hadi saa nne zinakwenda njano polepole. Saa tano kuna kumi na moja zinazoruka ghafla. Kijani kipo huku na kule bila mpangilio.

#39 Taa_Mbili
Polepole = dirisha. Nilisema.

#40 Mzee_wa_Negativu
Zinazoruka ghafla = betri. Nilisema. Ila subiri: jua la asubuhi likipanda linatakiwa kupungua njano, siyo kuongezeka. Dirisha linaangalia wapi, na nje kuna nini? Ua wa udongo mwekundu?

#41 kijani_cha_kuta
Au mti. Ukiwa mwembe nje ya dirisha, kijani chako kisicho na mpangilio ni majani na upepo.

#42 Kamera_Mkononi
Dirisha linaangalia magharibi, wakuu. Nje kuna ukuta wa jengo la pili, rangi ya krimu. Miti haipo. NEF za chumba B nimeanza kuzitoa upya kwa sRGB, nikimaliza K1A nitaweka vijipicha hapa, nyuso zikiwa zimezibwa.